Mada ni "Kungoja": nitume picha ipi kati ya hizi tatu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa ghala, naishi Ligula hapa Mtwara, na kazi inanizungusha sana: Newala, Tandahimba, Masasi, Lindi, mara moja moja hadi Kilwa. Kila niendako napiga picha kwa simu, na sasa zimefika elfu nne na ushee. Nimo kwenye kikundi cha wapenda picha. Kila baada ya wiki mbili inatolewa mada, kila mtu anatuma picha moja ya safari zake inayojibu mada hiyo, kisha tunazijadili. Nimeshatuma mara sita. Watu wanasema "nzuri sana" halafu wanapita. Hakuna aliyewahi kuuliza lolote juu ya picha yangu. Mada ya sasa ni "Kungoja", na mwisho wa kutuma ni Jumapili usiku. Nimechambua nimebaki na tatu: mapambazuko kwenye ghuba ya Lindi na ngalawa moja, Gereza la Kilwa Kisiwani (ile ngome ya kale), na mama mmoja pale soko la samaki Feri hapa Mtwara, alfajiri, amekalia ndoo; hii ya mama niliipiga miezi minne iliyopita. Nitume ipi? Niandike maelezo marefu ili watu waelewe? Na yule mama sikumwomba ruhusa. Je, nimekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha zako nilizitazama jana jioni, nikazitazama tena leo asubuhi kabla ya chai, maana jicho la jioni limechoka na husamehe mengi. Jibu fupi nakupa mapema usikae roho juu: picha yako ni ya mama wa Feri, lakini usiitume leo. Kuna jambo la kufanya kwanza, nitalifikia. Nataka kwanza uone kwa nini nimeziweka pembeni zile mbili, kwa sababu usipoliona hilo, mada ijayo itakukuta pale pale.

Tuanze na Lindi. Umepiga vizuri. Mstari wa bahari umelala sawasawa, ngalawa hukuiweka katikati, na hukuharibu rangi kwa kuzikoleza. Ningeitundika ukutani kwangu. Sasa nifanyie hivi: chukua kipande cha karatasi, andika mada nyingine tano ambazo picha hiyo ingefaa. Mimi nimeandika Asubuhi, Bahari, Upweke, Utulivu, Rangi. Sikuchukua hata dakika moja. Picha inayoingia kwenye mada tano bila kubadilishwa chochote haijajibu hata moja kati ya hizo. Ndiyo maana wenzako wanasema "nzuri sana" na kupita. Hawakudharau. Picha haikuwaachia pa kuuliza. Ngalawa ile inangoja nini? Upepo? Mwenyewe? Maji yajae? Au imetia nanga tu na mwenye nayo amelala kwake? Hakuna alama yoyote ndani ya picha inayonisogeza upande mmoja.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, tena si wanaoanza tu. Mtu anaposikia mada, anakwenda kwenye hazina yake ya picha kutafuta inayolingana na neno. Mada ikiwa "Mlango", picha zinazokuja ni za milango ya nakshi ya Mikindani. Mwaka mmoja tuliwahi kuitoa mada hiyo kwenye kikundi chetu cha wakati ule, na karibu nusu ya zilizoletwa ilikuwa milango ya Mikindani, imepigwa kwa mbele, imenyooka, mingine ni mlango ule ule umepigwa na watu watatu. Ilikuwa milango mizuri kweli. Lakini sifa ilikuwa ya fundi aliyeichonga, mpiga picha aliipokea tu. Iliyotukalisha kwenye mazungumzo mpaka usiku ilitoka Newala: nyumba isiyo na ubao mlangoni, imetundikwa kanga, upepo wa ukingo wa uwanda wa Makonde umeisukuma ndani kama tanga, na chini yake kinaonekana kisigino cha mtoto anayeingia. Tulibishana kuhusu mlango ni nini hasa. Mtu mmoja alisema mlango ni kile kinachomfanya mgeni asimame abishe hodi, basi kanga yatosha. Picha ile ilikuwa imeigeuza mada kuwa swali, na sisi wote tukaingia kulijibu.

Kwa hiyo unapopewa neno, usikimbilie simu. Lizungushe kwanza mdomoni. "Kungoja" ni neno lenye utajiri kwetu. Tunalo na jirani yake, kusubiri, lililobeba subira ndani yake. Anayesubiri tunamwona ametulia, anayengoja anaweza kuwa ametulia au moyo unamwaka. Wazee wametuachia methali mbili zinazovutana: "Subira huvuta heri" na "Ngojangoja huumiza matumbo". Mada moja, na tayari una kambi mbili. Picha yako iko kambi gani? Ukishajua hilo, umeshatupa robo tatu ya zile elfu nne bila kuzifungua.

Na wewe huna haja ya kwenda mbali, mwanangu, maana huku kusini tunaishi kwa kungoja. Wanaokwenda Kitunda wanakaa ukingoni Lindi wakiangalia kivuko kinavyorudi taratibu. Wa Msangamkuu nao ni hivyo hivyo: mji wanauona ng'ambo, lakini hawaufikii mpaka chombo kije. Mama anayekwenda kuokota pweza au kukagua kamba za mwani hana saa yake mwenyewe, anafuata maji, na maji yanachelewa kwa kadiri ya dakika hamsini kila siku, kwa hiyo aliyetoka nyumbani saa moja asubuhi leo, wiki ijayo saa hiyo hiyo atakuta bahari imejaa. Wavuvi wa dagaa wanangoja giza, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki mbalamwezi ikiwa imewaka. Na kazi yako wewe mwenyewe! Umekaa miaka ndani ya kungoja kukubwa kuliko kote huku. Mkorosho unachanua, mtu anangoja. Korosho zinaanguka na mabibo yake, zinaokotwa, zinaanikwa, zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, halafu stakabadhi ipo mkononi na hela haipo. Kuanzia Oktoba mnada ukianza, wakulima wanakaa kwenye vivuli vya maghala wakingoja kusikia bei, wakishaisikia wanaanza kungoja malipo. Nimepitia picha zako za Tandahimba ulizowahi kunionyesha, na nimeona magunia, mizani, malori. Sikumwona mtu aliyekaa. Labda kwa kuwa unakuwa kazini, macho yako yako kwenye gunia. Nalisema hili kwa upendo: picha nzito kuliko zote ulizonazo pengine hujaipiga, na iko hatua ishirini kutoka mezani kwako.

Sasa Kilwa. Najua kwa nini uliichagua Gereza. Unajua historia yake, na kwa anayeijua, kuta zile zimejaa kungoja. Wafanyabiashara walikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa mbali kiasi kwamba aliyechelewa kushuka huko alijikuta amekwama mpaka upepo ugeuke. Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, naye alisafiri kwa ratiba hiyo hiyo ya pepo. Wareno walijenga ngome yao, ndiyo hiyo Gereza, mwaka 1505, na tunachokiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya baadaye, ya enzi za Waomani. Yote hayo ni kweli, na yote yako kichwani mwako. Ndani ya picha kuna ukuta, mlango, na mbingu nyeupe.

Ndiyo, nyeupe. Ulipiga saa ngapi? Kivuli cha ukuta kimejikunja chini ya ukuta wenyewe, basi ilikuwa mchana kati. Huku kwetu tuko karibu nyuzi kumi kusini mwa ikweta. Mtwara jua linapita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, takriban tarehe 20 Oktoba na tena tarehe 21 Februari, na Kilwa ambayo iko kaskazini kidogo inapishana nasi kwa siku chache tu. Majira hayo mchana hakuna kivuli cha kukuchorea chochote. Mawe ya matumbawe, ambayo uzuri wake wote ni ule ukwaru na matundu yake, yanageuka kuwa bapa kama ukuta uliopigwa chokaa jana. Ukifika tena, vuka mapema. Kibali cha kuingia magofuni hutolewa Kilwa Masoko, kikamilishe siku moja kabla ili asubuhi isikuponyoke. Jua likiwa limeegemea upande, kila jiwe linatoa kivuli chake na ukuta unaanza kusema.

Na kama siku moja ungetaka Kilwa ijibu mada kama hii, ningekushauri uache kupiga Gereza zima. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na hayakuondolewa humo mpaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuyakarabati. Miaka kumi. Tafuta mahali ambapo chokaa mpya imekutana na jiwe la kale, sogea karibu, acha mawimbi yaonekane nyuma. Au geuka kabisa, uipe Gereza kisogo, umpige nahodha wa mashua iliyokuleta, aliyelala juu ya tanga akikungoja wewe umalize kupiga picha. Hiyo ningeitazama kwa muda mrefu.

Hilo linanileta kwenye swali lako la maelezo. Maelezo marefu hayawezi kubeba picha iliyokaa kimya. Ukiniandikia aya nne za pepo za msimu chini ya ukuta mweupe, nitasoma aya, nitasahau ukuta. Desturi yangu ni sentensi moja au mbili: nani au nini, wapi, lini, na jambo moja ambalo jicho haliwezi kulijua lenyewe. Usinieleze ninachokiona. Usiandike "mama huyu anangoja kwa subira" wakati nimemwona amekaa. Niambie anangoja nini. Na neno la mada lisionekane kabisa kwenye maelezo, kwa kuwa ukilazimika kuliandika ni dalili kwamba picha haikulisema.

Basi tuje kwa mama wa Feri.

Nieleze ninachokiona, ili ujue kilichonishika. Amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanga ameivuta kichwani kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Ametupa mgongo robo tatu, uso unaelekea majini. Beseni liko miguuni pake, tupu, na tupu hiyo ndiyo inayofanya kazi yote: beseni tupu saa ile, sokoni, halina maana nyingine ila kuna kitu bado hakijaja. Tena angalia mchanga. Pande zote kumekanyagwa, nyayo za watu wengi zimepita, lakini kuzunguka ndoo yake mchanga umetulia, umeshikana. Amekaa muda. Mchanga umenieleza hivyo, yeye hakulazimika kutazama saa wala kushika tama. Hukuweza kupanga jambo kama hilo. Uliliona, au mkono wako uliliona kabla yako, na kwa hilo nakupongeza kwa dhati.

Zipo kasoro, zinatengenezeka. Simu imeinama kidogo upande wa kushoto, bahari inamwagika, inyooshe. Umeongeza mwanga mno ulipoihariri, alfajiri imekuwa saa tatu asubuhi. Irudishe gizani. Kwetu jua linapanda karibu wima, ule mwanga laini wa mwanzo unadumu kama nusu saa hivi, kwa hiyo kiza chake ni sehemu ya ushahidi kwamba mama alikuwa pale kabla ya watu wengi. Siku nyingine, kabla ya kubonyeza, gusa kwenye kioo pale palipo na mwanga mkali zaidi, yaani mbinguni, kisha telezesha kidole kushuka mpaka mawingu yaonyeshe umbo. Kivuli unaweza kukifungua baadaye, mbingu iliyoungua hairudi. Na kabla ya hayo yote, futa lenzi. Ile picha ya pili uliyompiga siku hiyo ina ukungu ambao si wa bahari, ni mafuta ya vidole. Pindo la kanga kavu linatosha.

Kuna mguu wa mwanamume umekatwa ukingoni kulia. Unaweza kupunguza upande huo wa picha, hutapoteza kitu. Usitumie ule ufundi wa simu wa kumfuta mtu na kujaza mchanga wa kubuni. Najua unafanya kazi safi siku hizi, hata mimi nisingegundua. Lakini mchanga katika picha hii ni shahidi, ukishachezea mahali pamoja hatuwezi tena kuuamini kwingine. Kupunguza kingo, kunyoosha, kurekebisha mwanga, hayo hakuna atakayekulaumu. Kuongeza kisichokuwepo au kuondoa kilichokuwepo kunaifanya iwe kitu kingine, na kwenye picha za safari mtu anakuamini kwa sababu wewe ulikuwa pale na yeye hakuwepo.

Kuhusu umri wa picha: umesema uliipiga miezi minne iliyopita. Soma masharti ya kikundi chenu. Vikundi vingine hutaka picha iliyopigwa baada ya mada kutolewa, vingine vinapokea ya zamani. Kama ya zamani inaruhusiwa, isikuumize, ila taja mwezi.

Sasa lile swali ulilolitia mwishoni kama nyongeza, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote.

Miaka ya filamu, nilipokuwa na studio ndogo hapa mjini, nilipita Mikindani adhuhuri moja nikamkuta mzee amejinyoosha barazani, kofia usoni, bakora imelala kando yake. Nyuma yake mlango wa kale, mwanga unaingia kwa upande. Nilipiga mbili, nikaondoka kimyakimya nisimwamshe, nikiamini nimemheshimu. Picha ile ilitundikwa kwenye maonyesho madogo chini ya mada ya "Mapumziko". Watu waliipenda sana. Siku ya tatu akaja mwanamke, akasimama mbele yake kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi niliyepiga. Alikuwa binti wa yule mzee. Akaniambia siku ile baba yake hakuwa amepumzika. Alikuwa na homa kali, wamemtoa nje apate hewa, wakingoja gari la kumpeleka hospitali, na gari lilichelewa mpaka jioni. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi nilikuwa nimeutundika ugonjwa wa mtu ukutani na kuuita mapumziko, na mamia ya macho yakaamini.

Niliiteremsha saa ile ile. Nimeshaombwa radhi na kuomba radhi mara nyingi maishani, ila ile ya siku hiyo bado naikumbuka neno kwa neno. Na nilichojifunza hakikuwa adabu peke yake. Nilikosea mada. Picha niliyoiita "Mapumziko" ilikuwa picha ya kungoja, tena kungoja kwa kuumiza matumbo, na nisingeweza kuijua bila kuuliza. Dakika mbili za salamu zingenipa picha ya kweli, au zingenizuia nisipige kabisa, na vyote viwili vingekuwa bora kuliko nilichofanya.

Ndiyo maana nasema usitume leo. Wewe hujui mama yule anangoja nini. Unadhani ni chombo cha samaki, nami nadhani hivyo hivyo, kwa sababu ni Feri, ni alfajiri na beseni ni tupu. Huenda ni kweli. Huenda anangoja mdeni wake. Huenda mwanawe alitoka usiku na wenzake wamesharudi yeye bado. Kila jibu linaifanya iwe picha nyingine, na maelezo yako ya sentensi mbili yanategemea jibu hilo. Ukiandika kwa kukisia, utakuwa umemvisha mtu maisha ya kukisia mbele ya watu.

Kisha kuna haki yake. Ametupa mgongo, lakini wanaomfahamu watamjua kwa kanga na kwa umbo, Feri si mji mkubwa. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni vema tulio na kamera tuanze kuizoea. Hata bila sheria, sisi watu wa huku tunajua kwamba huwezi kuingia uwanjani kwa mtu bila hodi. Mtu anayeuza sokoni uwanja wake ni pale alipoketi. Mwendo wangu siku hizi ni salamu kwanza, mazungumzo, simu baadaye. Utaniambia kwamba ukishaomba, mtu anajipanga, anakaza uso, ile hali inapotea. Inapotea kwa dakika tano. Ukikaa, ukaendelea na mazungumzo, beseni likiwa bado tupu, atarudi kwenye kungoja kwake, kwa kuwa kuja kwako hakukuleta samaki.

Wapo ambao usiwapige hata wakikubali haraka. Mtoto aliye peke yake, mpaka mzazi wake ajue. Mgonjwa. Na mambo ya unyago na jando: mada ikiwa "Mila" au "Kukua", utaona wageni wakitamani, lakini wewe ni mwenyeji, unajua yaliyo ya ndani ni ya ndani. Bandarini na penye walinzi uliza kabla ya kutoa simu, watakuelekeza.

Neno dogo la ufundi wa kutuma. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na ukwaru wa mchanga ule utapotea, na mchanga ndio roho ya picha yako. Itume kama faili. Ila faili linabeba na taarifa zake zote, pamoja na mahali ulipopigia kama ulikuwa umewasha huduma ya mahali. Kwa Feri haina madhara. Kwa picha ulizopigia nyumbani kwa watu vijijini, zima au futa taarifa hizo kwanza. Na kabla ya kujiunga na shindano lolote lenye zawadi, soma wanachoomba kwa malipo ya zawadi hiyo. Wengine wanataka watumie picha yako popote, milele, bila kukuuliza. Mama wa Feri akikukubalia wewe kwa ajili ya kikundi, hajamkubalia mtengeneza kalenda.

Leo ni Alhamisi. Kesho pita kwa mtu wa kuchapa picha, itoe moja, saizi ya kawaida tu, isiyohaririwa kupita kiasi. Angalia mwezi: ukiwa mpevu, vyombo vya dagaa huenda havikutoka, na mama asiwepo. Hapo waulize wachuuzi wenzake anakaa wapi au anakuja lini, bila kuwaonyesha picha, maana ni yake kuiona wa kwanza. Jumamosi fika kabla hakujapambazuka. Msalimie, jitambulishe kwamba wewe ni karani wa ghala na unakaa Ligula, mwombe radhi kwamba siku ile ulimpiga bila kumwambia, kisha mpe picha. Ni yake, hata akikataa isitumwe. Muulize siku ile alikuwa anangoja nini, halafu nyamaza umsikilize.

Akikataa, iache, na usimbembeleze. Una Jumamosi yote: kivuko cha Msangamkuu kipo, na watu wamekaa ukingoni. Akikubali, mwambie wazi nani wataiona na wangapi takriban, na umuulize kama jina lake liandikwe au liachwe.

Ukishaongea naye, niandikie zile sentensi mbili kabla ya kutuma. Jumapili mchana nitakuwa nyumbani.